Risasi Haianzii Kwenye Kidole



Kila raia wa nchi hii anapopigwa risasi na askari polisi, taarifa hutolewa kabla maiti haijapoa, na maneno yake tumekwisha kuyakariri kama sala ya asubuhi. Twaambiwa kwamba askari alikabiliwa na hatari; kwamba aliamua kwa muda wa kufumba na kufumbua; kwamba sisi tulioketi vitini hatuna haki ya kumhukumu mtu aliyelazimika kuchagua baina ya uhai wake na uhai wa mwingine katika nusu ya sekunde. Hoja hii imewaokoa wengi. Imewaokoa hasa wale ambao hawakuwapo mahali pa tukio, hawakushika bunduki siku hiyo, na ambao majina yao ni nadra kutajwa mahakamani. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia.

Tuwe waadilifu kwanza. Sekunde hiyo ipo. Askari walioingia jumba la Westgate mnamo Septemba 2013, na wale waliokimbilia DusitD2 mnamo Januari 2019, hawakuwa na nafasi ya kuitisha kikao. Askari anayeshika doria katika barabara za Mandera au Lamu, ambako mabomu hutegwa ardhini, huishi ndani ya sekunde hiyo kila siku. Mtu akikujia na panga naye yu hatua tatu mbele yako, akili haifanyi hesabu. Mwili ndio huamua. Sheria inalijua hilo, nayo imemruhusu askari aulinde uhai wake. Wala hatusahau kwamba askari huyo aghalabu ni mtoto wa mkulima au wa mvuvi, mzaliwa wa kijiji kisichotofautiana na Osiri yetu, naye huenda anaishi katika chumba kilichogawanywa kwa pazia na familia ya mwenzake. Ugomvi wetu si na kijana huyo peke yake. Ni na wale wanaomtumia kama ngao.

Lakini sasa tazameni vifo vyenyewe. Mwalimu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao, katika Kaunti hii ya Homa Bay, tarehe 7 Juni 2025, kwa sababu ya maneno yaliyodaiwa kuandikwa mtandaoni juu ya afisa mmoja mkuu wa polisi. Alisafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi, akafungiwa katika Kituo cha Polisi cha Central, na kabla ya mapambazuko alikuwa amekwisha kufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Tarehe 11 Juni madaktari waliouchunguza mwili, akiwamo mwanapatholojia wa serikali, walieleza majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na michubuko ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe. Hapo hapakuwa na sekunde ya kusingiziwa, ikabidi ukuta usingiziwe.

Siku kumi baada ya kukamatwa kwake, tarehe 17 Juni, vijana waliandamana Nairobi wakidai haki kwa ajili yake. Pembeni mwa barabara alikuwako mchuuzi wa barakoa mwenye umri wa miaka 22. Kamera zilinasa askari wawili wakimpiga. Zikamnasa akigeuka aende zake. Zikanasa bunduki ikifyatuliwa kichwani mwake kwa karibu. Alifariki tarehe 30 Juni. Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji, na juu ya hatia yake mahakama ndiyo yenye kauli. Sisi twauliza swali ambalo hati ya mashtaka ya mtu mmoja haiwezi kulibeba. Bunduki ile ilitolewa ghalani asubuhi na nani? Ilijazwa risasi za aina gani, na kwa amri ipi? Askari wale waliambiwa nini walipopangwa mstari kabla ya kupakiwa kwenye malori? Nani aliamua kwamba watu wenye mabango na filimbi wakabiliwe na watu wenye bunduki?

Sekunde ya kufyatua ina wazazi. Mmoja ni silaha: askari aliyepewa ngao, kofia ngumu na rungu ana njia nne za kujitetea na kurudi nyuma, ilhali aliyepewa bunduki peke yake ana njia moja. Mwingine ni umbali: kikosi kilichosimama mita hamsini kutoka kwa umati kina muda wa kutoa onyo, nacho kikitumwa kuupasua umati katikati kitajikuta kimezingirwa, na hofu ya kuzingirwa ndiyo itakayoitwa baadaye hatari ya ghafla. Mzazi wa tatu ni maneno ya wakubwa, na juu ya haya inafaa tukae kidogo.

Tarehe 26 Juni 2025, siku moja baada ya maandamano ya kumbukumbu ya waliouawa mwaka uliotangulia, Waziri wa Usalama wa Ndani, Bwana Kipchumba Murkomen, alisema hadharani kwamba polisi wameelekezwa kumpiga risasi mtu yeyote atakayekaribia kituo cha polisi. Baadaye alijitahidi kuyafafanua maneno hayo, lakini neno la waziri likishatoka kwenye kipaza sauti haliwezi kurudishwa ghalani kama bunduki. Siku kumi na moja baadaye ikaja Saba Saba. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 31 waliouawa, na miongoni mwa waliokufa siku ile ni msichana wa miaka 12 aliyepatwa na risasi akiwa nyumbani kwao Kiambu. Je, mtoto aliyekuwa ndani ya nyumba alimtishia nani? Na hata baada ya hayo, tarehe 9 Julai, Rais William Ruto mwenyewe alisema kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitalini, kisha mahakamani.

Ya mguu! Muulizeni muuguzi yeyote wa hospitali ya misheni. Katika paja hupita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatwa, mtu huweza kuisha kwa dakika chache, kabla pikipiki ya kumbeba haijawashwa. Na ni askari gani awezaye kuulenga mguu unaokimbia, katikati ya moshi na mayowe, asimpate wa nyuma yake? Lakini tuache uganga. Tatizo la kauli hiyo ni kwamba imetangulia. Mkuu wa nchi aliyetamka mapema nani apigwe na apigwe wapi amekwisha kufanya uamuzi ambao kesho utaitwa uamuzi wa kufumba na kufumbua wa konstebo. Wala si yeye wa kwanza: mwaka 2005 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa usalama, alitangaza kwamba watakaopatikana na bunduki haramu wapigwe risasi na kuuawa, na wengi wetu, kwa kuchoshwa na majambazi, tulipiga makofi. Makofi yale tunayalipia sasa.

Sheria yasemaje? Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 halina mafumbo. Askari sharti ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikibidi, iwiane na kosa na upinzani uliopo. Silaha ya moto ni kwa pale ambapo njia nyingine hazitoshi, na kiini chake ni kuuokoa uhai dhidi ya tishio lililo mlangoni. Anayekusudia kuitumia ajitambulishe na kutoa onyo, tena kwa muda wa kutosha onyo lisikike, isipokuwa kama kungoja kutamwua yeye au mwingine. Aliyejeruhiwa apewe matibabu mara moja, na jamaa zake wajulishwe. Kifo kikitokea, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, iarifiwe. Askari aliyevaa sare aonyeshe jina au nambari yake waziwazi. Na kuna sentensi moja katika Jedwali hilo ambayo ingepaswa kubandikwa kwenye lango la kila kambi: amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba askari aweza kumvunja mwizi mguu kuwa adhabu. Adhabu ni kazi ya mahakama.

Watetezi wa serikali hupenda kutuelekeza Marekani, ambako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1989, katika kesi ya Graham dhidi ya Connor, kwamba nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo pale, bila hekima ya baadaye, kwa kuwa polisi huamua ghafla. Ni vema kujua kesi yenyewe ilihusu nini. Dethorne Graham alikuwa mgonjwa wa kisukari katika mji wa Charlotte. Sukari ilimpungukia, akaingia dukani kutafuta maji ya machungwa, akakuta foleni ndefu, akatoka mbio. Polisi wakamshuku, wakamfunga pingu, akaishia kuvunjika mguu. Kosa lake lilikuwa haraka ya kutafuta kinywaji, na kutoka kwake kukazaliwa kanuni iliyowakinga askari wa Marekani kwa miaka mingi. Hata huko wengine wamechoka nayo: mwaka 2019 jimbo la California lilibadili sheria yake ili silaha ya kuua itumike pale tu inapokuwa ya lazima, na ili mwenendo wa askari kabla ya kufyatua nao utazamwe.

Sisi twawaelekeza kwingine. Tarehe 6 Machi 1988 wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi na kuwaua watu watatu wa kundi la IRA katika mji wa Gibraltar. Wanajeshi walikuwa wameambiwa kwamba gari lililoegeshwa lina bomu, na kwamba mmoja wa wale watatu aweza kulilipua kwa kubonyeza kitufe. Walipoona mikono ikisogea, walifyatua. Ilibainika baadaye kwamba gari halikuwa na bomu, wala watatu wale hawakuwa na silaha wala kitufe. Kesi ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 27 Septemba 1995, kwa kura 10 dhidi ya 9, ikatolewa hukumu ambayo twaomba kila wakili wa upande wetu aisome. Majaji hawakuwatia hatiani wanajeshi waliofyatua. Walikubali kwamba waliamini kwa dhati walichoambiwa. Waliitia hatiani Uingereza, kwa sababu wakubwa waliopanga operesheni waliwaacha washukiwa wavuke mpaka ilhali wangaliweza kuwazuia, wakawapa wanajeshi dhana kana kwamba ni hakika, kisha wakawatuma watu waliofunzwa kufyatua hadi mtu afe. Sekunde ilisamehewa. Saa zilizoitangulia hazikusamehewa.

Huku Nyanza hatukuhitaji majaji wa Ulaya kutufundisha hayo. Tarehe 25 Oktoba 1969 Mzee Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Umati ukamzomea, naye akamjibu Jaramogi Oginga Odinga kwa matusi mbele ya watu, na walinzi wakaufyatulia umati risasi. Serikali ilikiri vifo 11. Wazee wetu daima wamesema walikuwa wengi zaidi. Hata wakati ule ilisemwa kwamba walinzi waliogopa. Lakini siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini, na Kenya haikupata tena chama cha upinzani kilichoruhusiwa na sheria hadi Desemba 1991. Hofu ya sekunde chache ilizaa ukimya wa miaka ishirini na miwili. Nani aliyefaidika na hofu ile?

Agosti 2017 risasi zililia Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, zote kwa pamoja, kana kwamba konstebo wa kaunti nne waliingiwa na woga uleule kwa juma moja. Na tarehe 16 Oktoba 2025, watu walipomiminika uwanja wa Kasarani kuutazama mwili wa Raila Odinga aliyekuwa amefariki siku iliyotangulia, walinda usalama walifyatua risasi na gesi ya machozi, na waombolezaji wasiopungua watatu wakafa. Nani hakujua kwamba umati ungekuja? Nchi nzima ilijua. Kama lango moja tu ndilo linalozuia bahari ya watu wenye majonzi, kosa limefanyika tangu asubuhi, mezani, kwa kalamu.

Wasomaji wetu wa kanisani wanaikumbuka habari ya Uria Mhiti katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Waliomwua kwa mikono yao ni wapiga upinde waliokuwa juu ya ukuta wa Raba, katika purukushani ya vita, ambako hakuna apewaye nafasi ya kutafakari. Lakini nabii Nathani hakutumwa kwa wapiga upinde. Alitumwa ikulu, kwa mtu aliyeandika barua.

Barua za siku hizi nazo zaweza kufuatwa, na mara moja zimefuatwa. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alipigwa rungu ndani ya nyumba ya wazazi wake huko Nyalenda, Kisumu, usiku wa kuamkia tarehe 12 Agosti 2017, akafa siku tatu baadaye. Hakuna aliyethubutu kusema mtoto yule alikuwa tishio. Ilisemwa tu kwamba katika giza na msongamano haiwezekani kumjua aliyepiga. Hakimu Beryl Omollo, katika uamuzi wake wa Februari 2019, hakukwamia hapo: aliwawajibisha makamanda watano wa operesheni ile. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akatangaza mashtaka dhidi ya maafisa 12, yakiwamo ya uhalifu dhidi ya binadamu. Kesi imekokotwa kama jahazi lisilo na upepo, lakini mlango umefunguliwa, na makamanda wameuona.

Kinyume chake ni kisa cha Kondele. Januari 2008 kamera ya televisheni ilimnasa askari akiwapiga risasi waandamanaji wawili hapo Kisumu, mchana, bila bunduki yoyote mikononi mwao. Nchi ikaona. Dunia ikaona. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia mshtakiwa, kwa kuwa nambari ya bunduki iliyopimwa na mtaalamu haikulingana na nambari ya bunduki iliyoandikwa kwamba alipewa. Tarakimu moja! Filamu nzima iliangushwa na mstari mmoja wa kitabu cha silaha. Tangu siku ile wanaharakati wote wangalipaswa kuacha kutegemea picha peke yake.

Hapa kuna ndugu zetu watakaotujibu kwa hasira kwamba dawa ni moto. Twayajua yaliyotokea Mawego, tarehe 3 Julai 2025, waombolezaji wa Ojwang walipokichoma kituo cha polisi ambako aliandikishwa kwanza. Uchungu wao hatuudharau. Lakini twasema bila kumumunya: kuchoma kituo ni kumfanyia adui kazi. Kituo ni mahali panapokaa kitabu cha matukio, kitabu cha silaha na orodha ya zamu, yaani zile karatasi ambazo kwazo mkubwa aliyetoa amri angeweza kushikwa. Tena moto humpa waziri sekunde anayoitafuta. Safari ijayo askari wa Rachuonyo atafyatua mapema zaidi, na udhuru wake utakuwa umeandaliwa na mikono yetu.

Uchaguzi mkuu wa 2027 waja, na siku za kutangazwa matokeo tunazijua zilivyo katika kaunti hizi mbili. Basi kila parokia, kila kikundi cha haki na amani, na kila tawi letu kutoka migodi ya dhahabu ya Nyatike hadi ufuo wa Homa Bay, liandike barua sasa kwa kamanda wa polisi wa kaunti yake. Imwulize ni afisa gani atakayesimamia ulinzi wa eneo hilo siku za matokeo, kwa jina na cheo. Ni silaha zipi zitakazotolewa kwa askari wa kutuliza ghasia, na kama zitakuwa na risasi za moto. Ni gari gani litakalowabeba majeruhi. Na ni nani atakayeiarifu IPOA, kwa muda gani. Barua ipelekwe na watu wawili, ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala itumwe IPOA siku hiyohiyo. Asipojibu, muhuri ule utakuwa ushahidi kwamba aliulizwa mapema, hakushtukizwa.

Na risasi ikifyatuliwa, andikeni kabla ya kulia: saa, mahali, umbali kwa hatua, nambari ya gari, nambari begani mwa askari au kwamba ilifichwa, onyo lililotolewa au kwamba halikutolewa, na sauti ya aliyetoa amri kama ilisikika. Okoteni maganda ya risasi kwa kitambaa mbele ya shahidi, myakabidhi kwa wakili au kwa IPOA na kupewa stakabadhi. Msikubali maiti izikwe bila uchunguzi wa daktari, hata kama chifu atawaletea gari na jeneza la bure. Nakala za maandishi ziwekwe mahali pawili tofauti, na nyumbani kwa mwenyekiti pasiwe mojawapo, kwani ndiko watakakoanzia kupekua.